Je, Wajua? Waliokataa sheria ya bima ya afya, na sababu zao

Je, wajua kwamba sheria iliyotuletea SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilifanya kazi siku 5 tu kabla ya mahakama kuisimamisha? Rais William Ruto aliitia saini tarehe 19 Oktoba 2023, mkesha wa sherehe za Mashujaa zilizofanyika Kericho. Ikaanza kutumika tarehe 22 Novemba. Tarehe 27 Novemba, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akatoa amri isitekelezwe kwanza, mpaka kesi isikizwe.

Je, wajua kwamba siku ile zilitiwa saini sheria nne, wala si moja? Ya kwanza ni ya Bima ya Afya ya Jamii, ya pili ya Afya ya Msingi, ya tatu ya Afya ya Kidijitali. Ya nne, inayohusu pesa za kuboresha vituo vya afya, haikuwamo kwenye kesi, na kwa watu wa kaunti yetu ya Kwale hiyo ina uzito wake. Inasema pesa inayokusanywa hospitalini ibaki hospitalini. Kabla yake, katika kaunti nyingi, shilingi aliyolipa mgonjwa dirishani ilipanda hadi hazina ya kaunti, ikakaa huko ikingoja bajeti, ilhali muuguzi aliyeipokea hana glavu.

Neno wahafidhina likitajwa kwenye habari za bima ya afya, wengi wetu hufikiria Marekani. Hapa kwetu wako pia, ila hawakai chama kimoja. Kuna mwajiri anayelinda faida yake, kampuni ya bima inayolinda wateja wake, Wizara ya Fedha inayolinda bajeti, kiongozi wa dini anayelinda mafundisho, na mwananchi anayelinda katiba. Nimewaweka wote kwenye ukurasa huu kwa sababu hoja zao hazilingani. Nyingine zilituokoa. Nyingine zimetuumiza, tena kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba Kenya ilikaribia kabisa kupata bima ya afya ya kila mtu mwaka 2004, miaka 20 kabla ya SHA? Waziri wa Afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alipeleka Bungeni mswada wa kuibadilisha NHIF, hazina ya taifa ya bima ya hospitali, iwe hazina ya kitaifa ya bima ya afya ya jamii. Mwenye mshahara angekatwa, mwenye biashara ndogo angechanga, na asiye na kitu angelipiwa na serikali. Wabunge waliupitisha Desemba 2004. Waajiri wakapinga kwamba ni mzigo mpya juu ya mishahara. Kampuni za bima za binafsi zikapinga kwa sababu wateja wao wangelazimika kuhamia kwingine. Wizara ya Fedha, chini ya David Mwiraria, ikasema nchi haiwezi kuumudu. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, mswada ukarudishwa Bungeni, na habari yake ikaishia hapo.

Swali la gharama lilistahili kuulizwa, nami silibezi. Nchi yenye watu wachache wenye mishahara na wengi wasio nayo lazima ijiulize nani atamlipia nani. Kinachoniuma ni kwamba waliouzuia mswada ule hawakuleta njia nyingine ya kumlipia mgonjwa. Mtoto aliyezaliwa Mwereni, hapa Kwale, mwezi ule Bunge lilipopiga kura alikuwa anakaribia miaka 20 SHA ilipoanza, tarehe 1 Oktoba 2024. Miaka yote hiyo jamaa zake waliendelea na bima ileile wanayoijua: mbuzi wanauzwa, shamba linawekwa rehani, daftari la mchango linapita nyumba kwa nyumba. Siku hizi daftari limehamia kwenye kundi la WhatsApp. Jina la mgonjwa juu, nambari ya mweka hazina chini yake, na orodha ya waliotoa: 200, 500, 100, 50. Anayetoa 50 leo ndiye atakayeomba kesho.

Je, wajua kwamba Kibaki huyohuyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya Desemba 1989, wakati ada za matibabu ziliporudishwa katika hospitali za serikali? Ada hizo zilikuwa zimefutwa na serikali ya Jomo Kenyatta mwaka 1965, na kizazi kizima kilikua kikijua kwamba kumwona daktari wa serikali hakulipiwi.

Na wajua matokeo ya ada zile yalionekana kwa haraka gani? Watafiti waliofuatilia kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi waliona idadi ya wanaume waliokuja kila mwezi ikishuka hadi asilimia 40 ya ilivyokuwa kabla ya ada, na ya wanawake hadi asilimia 65. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1992. Ugonjwa haukupungua. Watu walikaa nao nyumbani. Septemba 1990 serikali ilisimamisha sehemu ya ada hizo, kisha ikazirudisha kidogo kidogo miaka iliyofuata.

Mwaka 2004, mwaka uleule wa mswada wa Ngilu, ada ilipunguzwa ikawa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Juni 2013 hata hizo zikafutwa, pamoja na ada ya kujifungua katika hospitali za serikali.

Je, wajua kwamba NHIF ilianzishwa mwaka 1966, na haikuwa ya mtu wa Lunga Lunga, hapa mpakani, hata kidogo? Ilikuwa ya walioajiriwa, tena wenye mishahara ya juu kwa hesabu ya siku zile. Mkulima wa korosho, mgema, mvuvi na mama muuza mihogo walifunguliwa mlango mwaka 1972, wajiunge kwa hiari yao. Hata jina lenyewe lilieleza mipaka yake: bima ya hospitali. Kwa miaka mingi ilikuwa ya kulazwa tu.

Je, wajua kwamba kiwango cha juu cha makato ya NHIF kilibaki shilingi 320 kwa mwezi kuanzia 1990 hadi 2015? Mwenye mshahara wa 20,000 na mwenye laki 3 walikatwa sawa. Viwango vipya vilipotangazwa mwaka 2010, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, likakimbilia mahakamani kuvizuia. Aprili 2015 ndipo kiwango cha juu kikawa 1,700, na mtu asiye na mshahara akapandishwa kutoka 160 hadi 500 kwa mwezi. Hapo utaona kwamba anayesema “pesa yangu isiguswe” si tajiri peke yake.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa kelele nyingi za 2024 zilihusu makato mapya ya asilimia 2.75 ya mshahara. Chukua mfanyakazi wa hoteli Diani. Akilipwa 20,000, NHIF ilimkata 750. SHIF, hazina ya bima iliyo chini ya SHA, inamkata 550. Akilipwa 30,000, alikuwa akikatwa 900. Sasa ni 825. Akifika 40,000 mambo yanageuka: kutoka 1,000 hadi 1,100. Mwenye 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750. Na meneja wa 500,000, aliyekuwa akilipa 1,700 ileile, sasa anakatwa 13,750 kwa sababu hakuna tena kiwango cha juu. Kwa hivyo wengi waliopiga kelele redioni walikuwa na sababu, na wengi waliowaunga mkono barazani walikuwa wamepunguziwa bila kujua. Wapo pia wa chini kabisa walioumia. Mwenye mshahara wa 5,000 alikuwa akikatwa 150, na sasa ni 300, kwa sababu kiwango cha chini hakiangalii asilimia.

Je, wajua kwamba haki yako ya afya imo kwenye katiba ambayo makanisa mengi yaliipinga? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kura ya maamuzi ilipigwa tarehe 4 Agosti 2010. Viongozi wa makanisa walisimama upande wa La kwa mambo mawili: kifungu kinachohusu kutoa mimba, na Mahakama za Kadhi. Hili la pili liliwagusa Waislamu wa Kwale moja kwa moja. Upande wa Ndiyo ulipata zaidi ya kura milioni 6, wa La haukufika milioni 3.

Aliyeongoza kampeni ya La alikuwa William Ruto, akiwa waziri wakati huo. Miaka 13 baadaye aliweka saini yake kwenye sheria ya bima ya afya inayotekeleza Kifungu hichohicho cha 43.

Je, wajua kwamba Waingereza nao walipitia haya? Chama cha Conservative kilipiga kura kupinga mswada wa huduma ya afya ya taifa mwaka 1946. Februari 1948 madaktari wenyewe walipiga kura, na karibu 9 kati ya 10 wakaukataa. Waziri wa Afya, Aneurin Bevan, akakaza kamba, na tarehe 5 Julai 1948 milango ikafunguliwa bila malipo. Hakuna chama kikubwa cha Uingereza leo kinachothubutu kuomba kura kwa ahadi ya kuifunga huduma ile. Huku kwetu, chini ya bendera hiyohiyo, hospitali zilikuwa bado zimegawanywa kwa rangi ya ngozi.

Na wajua kwamba wazo la kumlazimisha kila Mmarekani awe na bima, ambalo wahafidhina wa huko walilipiga vita chini ya Barack Obama, lilipendekezwa mwaka 1989 na Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina wenyewe? Obama alitia saini sheria yake tarehe 23 Machi 2010. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiokoa mwaka 2012 kwa kura 5 dhidi ya 4. Julai 2017 ikaokolewa tena usiku wa manane na seneta wa chama kilichoipinga, John McCain, aliyekuwa ametoka tu kuambiwa ana saratani ya ubongo. Alisimama mbele ya wenzake wa chama na kuelekeza kidole gumba chini.

Turudi nyumbani. Je, wajua ni kipengele gani cha sheria ya SHA kilichowakera Wakenya kuliko vyote mahakamani? Ni kifungu cha 26, kijisehemu cha 5. Kilisema ukitaka huduma ya serikali, ya kitaifa au ya kaunti, uonyeshe kwanza kwamba umejisajili na michango yako imelipwa.

Kitazame kwa macho ya mtu wa Lunga Lunga. Mama anayeuza viazi karai karibu na stendi anahitaji leseni ya kaunti. Mwenye bodaboda anahitaji leseni ya kuendesha. Wakala anayepitisha mizigo mpakani hana siku asiyosimama mbele ya dirisha la serikali. Wote hawa, mwezi ambao biashara imelala na mchango haujalipwa, wangekosa kibali. Na kwa kukosa kibali wangekosa kazi ya kuwapatia mchango wenyewe. Ndugu wa kifungu hiki ni cha 27(4), kilichosema huduma zenyewe za afya apewe yule tu ambaye michango yake haijakatika. Cha tatu, 47(3), kilihusu kumtambulisha kila mgonjwa kwa utambulisho wa kidijitali.

Mahakama ya Rufaa iliporuhusu sheria iendelee tarehe 19 Januari 2024, iliviacha vipengele hivi vitatu vikiwa vimefungwa. Kwa hili nawashukuru waliopinga. Katiba inasema matibabu ya dharura hayanyimwi mtu, na sheria ya kawaida haina ubavu wa kusema vingine. Mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane usiku hawezi kuulizwa risiti.

Je, wajua kwamba majirani zetu wa Horohoro, ng'ambo ya mpaka, walipigana vita hivyohivyo? Serikali ya Tanzania ilipeleka Bungeni mswada wa Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2022, nao ulitaka kuifungamanisha bima na huduma kama leseni ya udereva na ya biashara. Watu wakapiga kelele, wabunge wakauliza maskini atalipiwa na nani, na mswada ukaahirishwa zaidi ya mara moja. Ulipita tarehe 2 Novemba 2023, wiki mbili baada ya Ruto kutia saini yake. Nchi mbili zilizoachana kwa mengi zilifikiria adhabu ileile, na watu wa pande zote mbili za mpaka wakaikataa kwa sababu zilezile.

Waganda bado wanangoja. Bunge lao lilipitisha mswada wa bima ya afya Machi 2021, lakini Rais Yoweri Museveni hakuutia saini. Kusini kabisa, Cyril Ramaphosa alitia saini sheria ya Afrika Kusini tarehe 15 Mei 2024, na kesi zikaanza kumiminika.

Je, wajua hukumu ya 12 Julai 2024 ilisema nini hasa? Majaji watatu wa Mahakama Kuu, Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, walisema sheria tatu kati ya zile nne zilikiuka katiba, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Wakalipatia Bunge siku 120 lirekebishe. Hukumu ilitoka wiki chache baada ya vijana kuingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na makato ya mishahara yalikuwa miongoni mwa yaliyowaudhi. Tarehe 20 Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na siku 11 baadaye SHA ikaanza.

Hoja ya kushirikishwa wengine huiita ya mawakili. Mimi naiona ndiyo hoja ya Lunga Lunga kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Sheria inataka mtu asiye na mshahara alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, kila nyumba. Ukiwa Nairobi ofisini, 3,600 ni hesabu ya mezani. Ukiwa Vanga au Jimbo, kalenda yako ni ya upepo. Kusi ikivuma, bahari huchafuka, mwenye ngalawa na mtumbwi habanduki ufuoni, na siku akitoka hurudi na kitoweo tu. Kaskazi ikiingia ndipo pesa inapoonekana. Mkulima wa Dzombo naye ana msimu wake wa korosho. Kikoneni wana wa maembe na machungwa. Mtu huyu anaweza kulipa 3,600. Hawezi kuilipa tarehe aliyopangiwa na mtu asiyejua pepo. Mchango wa zamani wa NHIF ulikuwa 500 kwa mwezi, mkubwa zaidi, lakini ulikuja kwa vipande, na aliyekosa mwezi mmoja alijua namna ya kuufidia.

Kama mtu mmoja wa Vanga angeulizwa mapema, angeyasema haya kwa dakika mbili.

Je, wajua kwamba serikali yenyewe imekubali tatizo hilo? Mwaka 2025 ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unalipa kidogo kidogo. Ni hatua. Lakini ni mkopo, na Kwale ni kaunti ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu. Mtu anayeogopa riba ana haki ya kuuliza masharti ya mkopo ule kabla ya kubonyeza simu, na ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Hapo tunafika kwenye swali linaloulizwa sana Pwani: bima ni halali? Je, wajua kwamba baraza la kimataifa la wanazuoni wa fiqhi liliitolea uamuzi huko Jeddah, Desemba 1985? Liliikataa bima ya kibiashara yenye malipo maalum, kwa sababu ya gharari, yaani kuuziana kitu kisichojulikana kitatokea au la. Likaikubali bima ya kusaidiana, ambapo watu huchanga kwa nia ya kubebana na hakuna anayenunua wala kuuza hatari ya mwenzake. Kenya ilipata kampuni yake ya takaful, yaani bima ya kusaidiana ya Kiislamu, mwaka 2011. Hazina ya serikali isiyotafuta faida iko upande gani wa mstari huo? Wanazuoni wana la kusema, na ingefaa wasikizwe wakati sheria inatungwa, maana anayeacha kujisajili kwa sababu ya dini yake hatabadilishwa na tangazo la redio.

Je, wajua mchango wa mtu asiye na mshahara unakadiriwa vipi? Kwa maswali ya nyumbani. Anayejisajili, mara nyingi akisaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii mwenye simu mkononi, huulizwa kuta ni za nini, paa ni la nini, maji yanatoka wapi, choo cha namna gani, mnapikia kuni au gesi, mna mifugo mingapi. Mfumo unapiga hesabu na kutoa kiasi. Watu kote nchini wamelalamika kwamba kiasi hicho huwa kikubwa kuliko uwezo wao, na nikiyatazama maswali yenyewe naona inavyotokea. Bibi wa Perani anaishi chini ya paa la mabati kwa sababu mjukuu aliyekwenda kufanya kazi Saudia alituma pesa mara moja, miaka iliyopita. Mabati bado yapo. Mjukuu amerudi na hana kazi. Jirani yake wa nyumba ya makuti ana ng'ombe kumi na wawili porini ambao hakuna aliyewahesabu. Paa linasema pesa iliyoingia zamani. Halisemi iliyopo leo.

Na Msambweni wana la ziada. Mgodi wa Base Titanium ulifunga uchimbaji wake Desemba 2024, na mamia ya waliokuwa wakikatwa mshahara kila mwezi wakaingia kundi la wasio na mshahara. Nyumba walizojenga wakati wa kazi ndizo zinazojibu maswali ya simu.

Je, wajua kwamba sheria inamtaka mgeni anayeingia Kenya kukaa chini ya miezi 12 awe na bima ya afya ya safari? Kwa mtalii anayeshuka uwanja wa ndege wa Ukunda hilo ni jambo dogo. Lunga Lunga ni jambo lingine. Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba kwenda bara, na ukapita katikati ya Wadigo na Wasegeju bila kuwauliza. Leo shangazi yuko Horohoro, mpwa yuko Lunga Lunga, na harusi, matanga na mnada wa mbuzi havijui afisa wa uhamiaji. Kadi ya SHA haimtibu mpwa huyo akiugulia Tanga, na kadi ya shangazi, ya bima ya Tanzania, haimtibu akiugulia huku. Hospitali kubwa ya rufaa iko Msambweni, zaidi ya kilomita 40 kutoka mpakani, na mgonjwa wa ghafla hukimbizwa kwenye kituo kilicho karibu, kiwe upande gani.

Sijaona hoja hii kwenye kesi yoyote iliyopelekwa Nairobi.

Je, wajua kwamba upinzani mkali wa baadaye umetoka kwa wale waliotarajiwa kuwa washirika? Hospitali za binafsi na za makanisa zilisema zinadai malipo ya muda mrefu, mengine ya tangu enzi za NHIF, na baadhi zikawaambia wagonjwa walipe taslimu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, naye aliandika mwaka 2025 kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Mtu anayetaka bima ya afya ifaulu ndiye anayepaswa kuuliza maswali haya kwa sauti kubwa kuliko anayetaka ife.

Je, wajua kwamba ukiwa umejisajili tu, hata kama hujalipa mchango wa mwaka, huduma ya zahanati na kituo cha afya inalipiwa na hazina tofauti inayotoka kwenye bajeti ya serikali? Wengi hawajui, na kwa kutojua wanakaa nyumbani na homa ya mtoto. Mchango wa mwaka unahitajika mgonjwa akipelekwa juu, kulazwa au kupasuliwa. Kujisajili ni bure, kwa kubonyeza *147# au kupitia mhudumu wa afya wa mtaa.

Na la mwisho, ambalo natamani lisomwe Vanga, Mwereni, Dzombo na Pongwe-Kikoneni. Je, wajua kwamba ile asilimia 2.75 haimo ndani ya sheria yenyewe? Imo kwenye kanuni za mwaka 2024 zilizotolewa na Waziri wa Afya. Kanuni hubadilishwa kwa njia fupi kuliko sheria, na sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni inamtaka waziri ashauriane kwanza na watakaoguswa, kisha azipeleke Bungeni ambako zinaweza kukataliwa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na halihitaji wakili. Linaweza kuwa na mistari michache tu: sisi wavuvi na wakulima wa kusini mwa Kwale tunaomba tulipe kwa msimu, nusu korosho zikiuzwa na nusu kaskazi ikiingia, na tusihesabiwe tumekatika tukiwa kati ya misimu.